Maji baridi chini ya sakafu ya bahari: yalifikaje, ni mengi kiasi gani, na tukiyavuta itakuwaje?

#1 Fundi Kina

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie akishatulia.

Kazi yangu ni kuchimba visima virefu, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Tangu siku ya kwanza kazini nilifundishwa jambo moja: ukikaribia pwani, chunga chumvi. Kadiri unavyosogea ufukweni ndivyo unavyochimba kwa woga, maana meta chache za ziada zinaweza kukutumbukiza kwenye maji ya bahari na kazi ya siku nne ikawa bure. Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba kuna maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, chini ya bahari yenyewe, makumi ya kilomita kutoka nchi kavu, sikuamini. Nikaanza kulifuatilia. Leo nalileta hapa kwa sababu naona watu wanaanza kulizungumza kama hazina iliyookotwa njiani, isiyo na mwenyewe na isiyo na masharti.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Si mto unaopita chini ya bahari, wala si ziwa lililojificha pangoni. Ni maji yaliyojaa katikati ya punje za mchanga, changarawe na nyufa za mawe ya chokaa, vilevile kama maji ya kisima chochote. Tofauti ni kwamba juu yake kuna udongo wa mfinyanzi, na juu ya mfinyanzi huo kuna bahari.

Yalifikaje? Rudi nyuma miaka kama 20,000. Barafu nene ilikuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya Amerika na Ulaya. Maji ya barafu ile yote yalitoka baharini, kwa hiyo usawa wa bahari ulikuwa chini kwa meta 120 hivi kuliko ulivyo leo. Bahari ilikupwa, na kupwa kwenyewe kulidumu maelfu ya miaka. Maeneo mapana ambayo sasa ni bahari ya kina kifupi yalikuwa nchi kavu. Mito ilipita juu yake, mvua ikanyesha, maji yakazama ardhini hadi mamia ya meta. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikajaa tena na kuyafunika yote. Pale palipokuwa na tabaka zuri la mfinyanzi, maji yale yalibaki chini yake kama chungu kilichofunikwa.

Hiyo ni njia moja. Kuna maji mengine yanayoendelea kufika hadi leo: tabaka la mchanga lililoanzia bara haliishii ufukweni, linaendelea chini ya bahari, na mvua inayonyesha bara huyasukuma maji polepole kuelekea huko. Na zile sehemu zilizolaliwa na barafu, uzito wa barafu uliyasindika maji ya kuyeyuka chini kwa nguvu kubwa kuliko mvua yoyote.

Sasa ukubwa. Mwaka 2013 Vincent Post wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba chini ya kingo za mabara zilizozama kuna maji ya aina hii yapatayo kilomita za ujazo 500,000. Kilomita moja ya ujazo ni lita trilioni moja. Maziwa yote ya maji baridi duniani, ukiyajumlisha, hayafiki kilomita za ujazo 100,000. Mapitio ya mwaka 2021 yaliyoongozwa na Aaron Micallef yaliipandisha hesabu hadi karibu milioni moja.

Naomba mshike breki hapo. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita. Maji ya kunywa tunayataka chini ya gramu 1. Kati ya 1 na 35 pana nafasi kubwa sana, na hesabu ya 2021 inaingiza maji yote yenye chumvi pungufu kuliko bahari. Kwa hiyo mtu akikutajia hiyo milioni, muulize kwanza: ya gramu ngapi?

Hoja yangu ni hii. Maji yapo, na yanaweza kuokoa watu. Ila kabla ya kuyavuta lazima tujue kama ni mshahara au urithi. Mshahara hurudi kila mwezi. Urithi ukiula umeisha.

#2 Pweza_8

Naweka kambi hapa. Fundi, nani aliyeyaona kwa macho? Maana hesabu za kompyuta zinaweza kusema lolote.

#3 Fundi Kina

Yameonekana mara nyingi, na mara za mwanzo waliyakuta bila kuyatafuta.

Mwaka 1965 meli ya utafiti ilichoronga mashimo baharini mbele ya Florida. Walikuwa wanataka kusoma miamba tu. Katika shimo moja maji baridi yalipanda ndani ya bomba mpaka juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa visima hilo linasema mengi: maji yakipanda yenyewe juu ya bahari, maana yake kuna kitu kinayasukuma kutoka upande wa bara.

Mwaka 1976 wanajiolojia wa serikali ya Marekani wakachoronga mfululizo wa mashimo kwenye ukingo wa Atlantiki. Walikuta maji ya chumvi pungufu mbali na pwani, mahali ambapo vitabu vilisema pawe na maji ya bahari matupu. Kwenye kisiwa cha Nantucket nako, kisima kilichoshuka zaidi ya meta 500 kilikuta maji baridi kwenye tabaka la kina ambalo mvua ya kisiwa peke yake isingeweza kulijaza.

Baada ya hapo jambo lililala. Mwaka 2015 meli ya Marcus Langseth ilivuta vyombo vya sumakuumeme, vya kupima jinsi ardhi ya chini ya bahari inavyopitisha umeme, kwa siku kumi mbele ya New Jersey na Massachusetts. Matokeo yalitoka 2019: Chloe Gustafson, Kerry Key na Rob Evans walikadiria kilomita za ujazo zipatazo 2,800 za maji ya chumvi pungufu, kwenye ukanda unaofuata pwani kwa kilomita 350 hivi.

Hatimaye 2025 wakaenda kuchoronga kwa makusudi. Huo ndio Msafara wa 501 wa mpango wa kimataifa wa kuchoronga bahari, hukohuko mbele ya Massachusetts, chini ya wanasayansi Brandon Dugan na Rebecca Robinson. Walitumia chombo chenye miguu mitatu mikubwa: kikifika mahali pake kinateremsha miguu mpaka sakafuni na kujiinua juu ya mawimbi. Hiyo ni akili kubwa, kwa sababu kuchoronga na kupampu maji ukiwa juu ya kitu kinachoyumba ni mateso. Walishuka karibu meta 400 chini ya sakafu ya bahari na kutoa karibu lita 50,000 za maji ya kupimwa. Kwenye kituo cha kwanza maji yalisoma gramu 4 za chumvi kwa lita. Baadaye wakapata ya gramu 1.

Gramu 1, wakuu. Katikati ya bahari. Kuna visima vya nchi kavu nimevikabidhi kwa wenyewe wakishangilia, na vilikuwa na chumvi zaidi ya hiyo.

#4 Mwl. Jiografia

Fundi, asante kwa uzi. Niongeze kwamba watu wa kale walilijua jambo hili kwa sura nyingine, ile ya chemchemi zinazobubujika kutoka sakafuni mwa bahari. Bahrain maana yake ni "bahari mbili", na moja ya maelezo ya jina hilo ni hizo chemchemi: maji matamu chini, maji ya chumvi juu. Wapiga mbizi walishuka na viriba vya ngozi, wakavijaza palepale chemchemi inapotokea na kupanda navyo.

Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, ameeleza jinsi watu wa kisiwa cha Arwad, kwenye pwani ya Siria, walivyopata maji wakati wa vita. Walishusha chombo cha madini ya risasi chenye mdomo mpana, mfano wa kengele, wakakifunika juu ya chemchemi iliyo chini ya bahari. Juu ya chombo walikuwa wamefunga bomba la ngozi. Maji yaliyotoka mwanzo yalikuwa ya bahari. Walisubiri mpaka yale matamu yafike, ndipo wakajaza vyombo vyao.

Fikirini hiyo subira. Wamezingirwa na adui, wana kiu, na bado wanamwaga ya kwanza.

#5 Fundi Kina

Mwalimu, na sisi hufanya hivyohivyo hadi leo. Kisima kipya unakipampu kwanza mpaka maji yatakate ndipo uchukue sampuli. Sikujua ni desturi ya zamani hivyo.

#6 Tone la Mwisho

Samahanini, mimi bado sijaelewa kitu cha msingi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Bahari iko juu, maji baridi yako chini. Kwa nini ile chumvi isizame ikayaharibu yote? Miaka 20,000 si michache.

#7 Mwl. Jiografia

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Nitakujibu kwa kitu nilichokifanya na wanafunzi wangu.

Tulichukua tangi la kioo la kufugia samaki. Chini tukaweka mchanga msafi tukaulowesha kwa maji baridi hadi ukashiba. Upande wa kushoto, juu ya mchanga, tukatandaza mfinyanzi uliokandwa vizuri, unene wa vidole viwili, tukabonyeza kingo zake kwenye kioo. Upande wa kulia tukauacha mchanga wazi. Halafu tukachanganya maji ya chumvi, tukayatia rangi nyekundu na kuyamimina taratibu juu ya sahani ili yasichimbe mchanga.

Upande wa kulia haukumaliza hata kipindi. Wekundu haukushuka kwa usawa kama pazia. Ulishuka kwa vidole: kimoja hapa, kingine pale, vikirefuka huku maji baridi yakipanda katikati yake. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameweka pua kwenye kioo, akasema, "Mwalimu, inaota mizizi kwenda chini." Kufikia mchana mchanga wote wa kulia ulikuwa mwekundu mpaka sakafuni.

Upande wa kushoto, chini ya mfinyanzi, ulikuwa bado mweupe. Kesho yake bado. Wekundu ulikuwa umelowesha ngozi ya juu tu ya mfinyanzi. Kilichoanza kuharibu kushoto kilikuwa chumvi ya upande wa kulia iliyokuwa inapenya kwa pembeni, chini ya kifuniko.

Jibu lako ndilo hilo. Kwenye mchanga mtupu wasiwasi wako ni sahihi kabisa: chumvi huzama haraka. Maji baridi yamesalia pale tu bahari ilipokuta kifuniko.

#8 Fundi Kina

Mwalimu, umenifundisha. Niongezee kwamba ndani ya mfinyanzi maji karibu hayatembei, kwa hiyo chumvi inabaki kusambaa yenyewe, chembe kwa chembe. Kwa mwendo huo, katika miaka 10,000 inapenya meta kumi na kitu, pengine ishirini na kitu. Mfinyanzi wa unene wa meta hamsini unaweza kuyatunza maji muda mrefu kuliko historia yote iliyoandikwa.

Angalia pia hiyo ya pembeni aliyoiona mwalimu. Nitairudia, maana ndiyo inayoninyima usingizi.

#9 Baharia wa Usiku

Meli inayavutaje hayo mawimbi ya sumakuumeme? Na wanatofautishaje maji na maji?

#10 Fundi Kina

Kanuni ni rahisi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, maji baridi huukataa. Meli inavuta nyuma yake kebo yenye chombo cha kutoa mawimbi na vipokezi kadhaa. Mawimbi yanapenya sakafuni na kurudi yamebadilika. Mahali umeme unapopita kwa shida, pengine pana maji baridi.

Nimesema pengine kwa makusudi. Sisi bara tuna kipimo ndugu yake: unapigilia vigingi vinne vya chuma ardhini, unapitisha umeme kwenye viwili vya nje na kusoma kwenye viwili vya kati. Nimekitumia mara nyingi. Na nimewahi kuchimba mahali ambapo usomaji ulikuwa wa kupendeza mno, umeme unakataliwa kabisa, nikamwambia mwenye shamba ajiandae kwa maji. Tulichokuta ni jiwe gumu lisilo na ufa, vumbi jeupe likiruka kutoka kwenye shimo kuanzia asubuhi mpaka jioni. Jiwe kavu nalo hukataa umeme. Baharini kuna na gesi iliyoganda, nayo inakataa. Ndiyo maana 2025 ilikuwa lazima wakachoronge. Chombo kinaonyesha pa kutafuta, lakini maji yaliyopo utayajua kwa kutoboa.

Njia hiyohiyo ya sumakuumeme imetumika kwingine. Hawaii, mbele ya volkano ya Hualālai, Eric Attias na wenzake walionyesha mwaka 2020 maji baridi yakitembea ndani ya matabaka ya mawe ya volkano hadi kilomita 4 hivi baharini. New Zealand, kwenye ghuba ya Canterbury, na Malta pia kumepatikana. Malta walikuta kiasi kidogo tu, lakini kwa kisiwa kisicho na mto hata kidogo kina uzito.

#11 Hesabu Kwanza

Niingie na namba, maana mimi niko kwenye mtambo wa kuondoa chumvi.

Chukueni kilomita 1 tu ya ujazo, si maelfu. Mtu mmoja mpe lita 100 kwa siku. Mji wa watu 500,000 utatumia meta za ujazo 50,000 kwa siku, sawa na milioni 18.25 kwa mwaka. Kilomita hiyo moja ingewatosha karibu miaka 55, kama ungeweza kuitoa yote. Huwezi kuitoa yote, hakuna kisima duniani kinachokomba mchanga hadi tone la mwisho. Lakini mnaona ukubwa wake.

Na msikate tamaa na maji ya gramu 4 au 8. Sisi tunasukuma maji ya bahari kwenye utando unaopitisha maji na kuizuia chumvi. Kwa maji ya bahari unahitaji mgandamizo wa baa 55 hadi 70, na umeme uniti 3 hadi 4 kwa kila meta moja ya ujazo. Maji ya chumvichumvi unayasafisha kwa sehemu ndogo ya umeme huo, na pampu hazilii kama za bahari. Tena unabakiwa na majichumvi machache ya kumwaga, na hayo mazito ya mwisho ndiyo yanayoua viumbe wa sakafuni pale yanapomwagwa ovyo.

Zile habari zilizosambaa kwamba maji ya mbele ya New England (upande huo wa Massachusetts) yangetosha mji kama New York kwa miaka 800, zichukueni kama kipimo cha ukubwa, si kama mkataba. Gharama ya kisima cha baharini, bomba la kuleta maji nchi kavu na matengenezo kwenye maji yanayokula chuma usiku na mchana, hayo hayamo kwenye hiyo miaka 800.

#12 Dada Zawadi

Nimesoma kimya mpaka hapa, sasa nataka kusema. Ninyi wote mnazungumza kama watu wenye bomba nyumbani. Kuna wanawake wanaamka saa tisa usiku kupanga ndoo. Kuna watoto wanaoharisha kwa maji ya dimbwi. Halafu maji masafi yapo palepale mbele ya macho yao, chini ya bahari wanayoitazama kila siku, na hoja ya uzi ni "tusubiri tujue umri wake". Mafuta yalipopatikana chini ya bahari, nani alisubiri? Wakachimba. Kwa nini subira inakuja zamu ya maji?

#13 Pweza_8

Dada Zawadi kasema kweli. Fundi ajibu hili.

#14 Fundi Kina

Dada Zawadi, sitabishana na uchungu wako. Kazi yangu nimeichagua kwa sababu ya hizo ndoo. Na sijasema tusubiri milele. Ngoja nikueleze kilichonifanya niwe mwoga.

Miaka mingi nyuma nilichimba kisima karibu na bahari. Kilikuwa kizuri sana. Nilipima kwa mkono wangu, maji matamu kabisa. Nikampa mwenyewe maelekezo: pampu saa sita kwa siku, usizidishe. Karibu hapo palikuwa na visima vifupi vya mikono, vya zamani, vinavyotumiwa na familia nyingi.

Mwenye kisima akapata wateja wa maboza. Saa sita zikawa kumi na mbili, zikawa usiku na mchana. Nikaitwa baada ya msimu mmoja, "njoo uone pampu ina tatizo gani". Nilichovya kipimo kwenye ndoo, namba zikapanda na kupanda, nikadhani betri imechoka. Nikabadilisha betri, zikapanda tena. Nikaenda kwenye visima vya majirani. Kwenye kimoja palikuwa na bibi anafua. Akanionyesha mikono yake: anasugua sabuni, sabuni haitoi povu, inatoa utando mweupe kama maziwa yaliyokatika. Akaniuliza, "Mwanangu, hii sabuni wameibadilisha?"

Sabuni haikubadilishwa. Bahari ilikuwa imeingia.

Kanuni yake ni ya zamani: Badon Ghijben aliieleza mwishoni mwa karne ya 19, na Herzberg akaifikia kivyake mwaka 1901. Maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi ardhini. Kwa kila meta 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama meta 40 chini yake zinazoizuia chumvi. Ukishusha ile meta 1 kwa pampu, chumvi ina haki ya kupanda meta 40. Ndicho kilichotokea pale.

Sasa peleka hilo baharini. Kama tabaka la chini ya bahari limeungana na lile la bara, ukivuta kule unapunguza msukumo unaovilinda visima vya huku. Xuan Yu na Holly Michael walilionyesha hilo kwa kompyuta mwaka 2019: kuvuta maji chini ya bahari kunaweza kushusha maji ya visima vya nchi kavu, na hata ardhi yenyewe kudidimia. Na atakayeona kwanza hatakuwa mwenye mtambo. Atakuwa yule bibi na sabuni yake.

Ndiyo maana naulizia umri. Kama maji ya kule ni ya miaka 200, yanajazwa leo kutoka bara. Hayo ni mshahara, unaweza kula kwa kiasi, lakini ujue unakula kwenye sahani moja na visima vya bara. Kama ni ya miaka 20,000, ni urithi wa Zama za Barafu. Pengine hayana uhusiano na visima vyetu, lakini yakiisha hayarudi mpaka bahari ikupwe tena meta 120. Kila jibu lina namna yake ya kuvuta. Bila jibu unavuta gizani.

#15 Dada Zawadi

Nimekuelewa kuhusu bibi. Lakini bado nasema: utafiti huo ufanyike haraka, na palipo na kiu, si mbele ya miji yenye mabomba tayari. Mifano mingi mliyotaja ni ya nchi tajiri.

#16 Fundi Kina

Hilo nakubaliana nawe bila hata nukta ya kupinga. Na sababu yake inaumiza: vyombo vinafuata fedha. Ila kuna njia ya kuanzia isiyo ghali. Kampuni za mafuta na gesi zimechoronga kingo za mabara karibu kila mahali, na katika mashimo mengi zilirekodi upitishaji umeme wa miamba, mara nyingine hata ya yale matabaka ya juu ambayo hawakuyahitaji. Rekodi hizo ziko kwenye makabati ya serikali nyingi za pwani. Mtu anayejua kuzisoma anaweza kuonyesha wapi palikuwa na maji ya chumvi pungufu kabla hata meli haijang'oa nanga. Nchi yoyote ya pwani inaweza kuanzia hapo.

#17 Mwl. Jiografia

Na umri wanaupimaje, kwa wasiojua: kaboni-14 iliyoyeyuka ndani ya maji hupungua nusu kila miaka 5,730, kwa hiyo inafaa mpaka miaka kama 40,000. Kwa maji ya zamani zaidi kuna kriptoni-81, ambayo nusu yake huisha kwa zaidi ya miaka 200,000. Gesi nyingine zilizoyeyuka husema hata hali ya joto siku maji yalipozama ardhini. Maji ya chini ya barafu yana baridi yake iliyoandikwa ndani.

#18 Sheria na Bahari

Kwa kifupi kuhusu "hazina isiyo na mwenyewe". Ina mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi ya pwani haki juu ya maliasili za sakafu ya bahari na zilizo chini yake, hadi maili 200 za baharini, ziwe hai au zisizo hai. Maji hayakutajwa kwa jina, lakini ni vigumu kusema hayamo. Mzigo uko kwenye tabaka linalovuka mpaka wa nchi mbili, au linaloanzia nchi moja bara na kuishia baharini kwa jirani. Mwaka 2008 Tume ya Sheria ya Kimataifa ilikamilisha rasimu ya vifungu kuhusu matabaka ya miamba yanayobeba maji na kuvuka mipaka ya nchi. Mpaka leo si mkataba unaofunga nchi. Waliozoea kesi za mito wanajua ugomvi wa maji unavyochukua vizazi, na mto angalau unauona kwa macho.

#19 Tone la Mwisho

Fundi, swali langu la mwisho, msinicheke. Hayo maji ya gramu 1 na gramu 4, mdomoni yanakuwaje? Namba sizielewi.

#20 Fundi Kina

Hakuna wa kukucheka. Jaribu mwenyewe: chukua vyombo vitatu vya lita moja moja ya maji safi. Kwenye cha kwanza tia chumvi pungufu ya robo kijiko cha chai, hiyo ni kama gramu 1. Cha pili, theluthi mbili za kijiko, kama gramu 4. Cha tatu vijiko sita, hiyo ndiyo bahari. Koroga, onja kwa mpangilio huohuo, bahari iwe ya mwisho. Usiimeze.

#21 Tone la Mwisho

Nimerudi. Ya kwanza nimekunywa glasi nzima, kuna kitu kwa mbali ulimini baada ya kumeza, basi. Ya pili nimepiga mafunda mawili nikaiweka chini. Mwanangu wa miaka saba aliionja, akaniambia, "Mama, haya ni kama machozi." Ya tatu nimetema, na midomo ilibaki imekauka.

#22 Fundi Kina

Hayo ya machozi ndiyo ya kituo cha kwanza cha 2025. Uliyokunywa glasi nzima ndiyo waliyoyapata baadaye.